Misele ya Bonde la Mara: Siku Nzima Mimi na Manzi Wangu

Leo tupige stori za bata. Muulize msela yeyote wa kitaa bata la ndoto yake na manzi wake, atakutajia Zenji, atakutajia Kigamboni, mwingine atavuka Isebania apande mathree mpaka Nai. Maokoto yanachangwa miezi, yanakata wikiendi moja. Sina ugomvi na Zenji, bahari ni bahari. Kinachoniuma ni kwamba sisi wa Mara tumezaliwa juu ya bonde ambalo watu wa dunia nzima wanapanda ndege kuja kulicheki, na wengi wetu hatujawahi kulitembea kwa mguu hata siku moja.

Mimi ni Mkurya wa upande wa Tarime. Manzi wangu ni Mngoreme, kwao ni wilaya ya Serengeti. Katikati yetu kuna Mto Mara. Tulipopanga siku ya kutoka, mchongo ulijipanga wenyewe: tuanzie juu kwangu, tushuke bonde kwa mguu, tuvuke mto, tumalizie kwao Mugumu.

Tuweke rada sawa kwanza. Nyanda za juu za Tarime zinasimama kama mita 1,500 mpaka 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria, ambako Mto Mara unaishia, liko mita 1,134. Kwa hiyo kutoka Tarime mjini kuelekea mtoni ardhi inashuka si mchezo, na inashuka kwa miteremko, mawe makubwa na makorongo madogomadogo yanayokatiza njia. Upande wa mashariki kuna ule ukuta wa Isuria unaoanzia Kenya, uleule ambao Wamaasai wa Masai Mara wanauita Oloololo. Mto nao una safari yake. Unatoka misitu ya Mau, unapita Masai Mara, unaingia kaskazini ya Serengeti pale Kogatende na Lamai, ukitoka hifadhini unakatiza kati ya wilaya zetu mbili, unazama kwenye mabwawa ya mafunjo, unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga maji ziwani. Kilomita 395 zote hizo. Sio korongo la kuta zilizosimama wima kama Hell's Gate ya Naivasha au Oldupai kule Ngorongoro. Ni bonde pana, limejiachia, na ukubwa wake huuelewi mpaka uwe juu yake na miguu yako miwili.

Stendi ya Tarime alfajiri ina kibaridi cha kweli. Ilikuwa Julai, mvua za masika zimeshasepa, anga safi, watu wamejifunika majaketi. Tukadaka mchomoko. Kwa wasiojua, mchomoko ni zile Probox zinazobeba watu na mizigo huku kwetu, na ukishapanda umepanda, mambo ya kunyoosha miguu yanasubiri mwisho wa safari. Manzi wangu alikaa dirishani, mimi katikati, begi la maji na karanga mapajani. Barabara ya Tarime–Mugumu ina kilomita 87 kwa jumla. Ukipita Mogabiri unaanza kuona kwa nini wazee walikung'ang'ania huku juu: migomba, kahawa, mahindi, vibanda vya maziwa, ng'ombe wanatoka zizini na moshi wa jikoni bado uko chini chini. Huwa napita hapo nikiwa na mishe zangu, macho kwenye simu. Siku hiyo manzi alininyang'anya simu akaitia kwenye begi lake.

"Hii utaipata mchana," akasema. "Sasa hivi uko na mimi."

Tukashukia Nyamwaga. Pale kuna mama anauza chai ya maziwa na chapati za moto, na mimi siwezi kuanza kutembea na tumbo tupu. Tukatoa shikamoo, tukakaa kwenye benchi.

"Marahaba wanangu. Mnaenda wapi na mabegi asubuhi hii?"

"Tunatembea, mama. Tunashuka bonde mpaka Nyamongo."

"Gari limewaharibikia?"

"Hapana mama, tumeamua tu kwa mguu. Tunataka kuona."

Akatuangalia wote wawili, akatuongezea chapati. "Kuleni mshibe basi, huko chini hakuna chapati." Halafu akamwita mjukuu wake, dogo wa sekondari aliyekuwa likizo, akamwambia atupeleke kwa njia za ng'ombe, sio barabarani kwenye vumbi la malori. Hili mlishike, masela. Huku vilimani kila njia ina mwenyewe, inapita shambani kwa mtu, uani kwa mtu. Ukienda na dogo wa palepale, salamu zinatangulia na hakuna mtu wa kukuuliza we nani. Na ukimaliza mpe dogo chake bila kungoja akuombe.

Njia ya ng'ombe ina akili. Haishuki moja kwa moja, inazunguka ubavu wa kilima kidogokidogo, maana mnyama mzito hataki kuvunjika mguu. Tulifuata nyayo hizo. Udongo mwekundu juu, ukishuka unageuka kijivu na changarawe, nyasi zinakuwa ndefu na za njano, mawe nayo yanaanza kuota makubwa kuliko nyumba. Niliweka kiganja kwenye jiwe moja lililokuwa limepigwa na jua la saa tatu: upande wa jua lina joto kama la mwili wa mtu, upande wa kivuli bado lina baridi ya usiku, na kwenye ufa wake mdogo kuna mti wa mtini umejipenyeza, mizizi myeupe imeshuka juu ya jiwe mpaka chini inatafuta udongo. Manzi alisimama pale muda mrefu kuliko mimi. Alifuata mzizi mmoja kwa kidole mpaka ulipozama ardhini.

Yeye alikuwa amevaa jinzi na raba, kanga kaifunga kiunoni. Hiyo kanga ilifanya kazi kuliko begi langu lote. Ilikuwa kivuli, ilikuwa mkeka, ilikuwa kitambaa cha jasho, na kwenye mteremko mkali ilikuwa kamba, yeye anashika ncha huku mimi nashika ncha ya pili. Mwendo nao aliupanga yeye. Mimi nimezoea kutembea kama naenda kudai deni, yeye anatembea kwa mdundo mmoja, polepole, hasimamisimami. Mpaka saa tano nilikuwa nimeelewa somo.

Kabla hatujaingia korongo la kwanza dogo alitusimamisha. Akageuka nyuma, akaangalia kule juu tulikotoka, anasoma mawingu. Korongo lenyewe lilikuwa kavu kabisa, mchanga mweupe chini na mawe ya mviringo, kuta za udongo zinafika mabegani. Nikamuuliza anacheki nini wakati hakuna hata tone. Akajibu kwa sauti ya mtu mzima: "Kaka, maji hayatokei hapa. Yanatokea kule."

Wanangu, hapo lazima nisimame kidogo. Septemba 2019 kule Hell's Gate, Naivasha, kundi la watalii lilikuwa chini kwenye korongo, mvua ikanyesha juu, maji yakaja kwa ghafla na watu 7 wakapoteza maisha, mwongozaji wao akiwemo. Korongo halihitaji mvua ikunyeshee wewe. Linakusanya maji ya kilima kizima na kuyapitisha kwenye kichochoro kimoja. Kwa hiyo Machi mpaka Mei, na zile wiki za vuli, makorongo ya huku muyaangalie kutoka juu. Na hata kiangazi, mtu wa palepale akikuambia leo tusipite, usilete ubishi wa mjini.

Tukapita, tukapanda ng'ambo ya pili, tukaibuka kwenye bega la kilima. Na hapo ndipo bonde lilipojifungua lote.

Nikaanza kupapasa mfuko natafuta simu, nikakumbuka iko kwa manzi. Akasema, "Angalia kwanza. Utaposti baadaye." Tukakaa juu ya jiwe, kanga chini, maji katikati. Miteremko inashuka kwa hatua, kijani kinafifia kuwa njano, njano inafifia kuwa buluu ya mbali. Mtama, mihogo, mapaa ya bati yanayometameta. Mbali kabisa kuna mstari mmoja wa kijani kibichi unaojikunja: ile ni miti ya kandokando ya Mto Mara. Ng'ambo ya mstari ule ni kwao. Akaninyooshea kidole kilima kimoja baada ya kingine, anavitaja kwa majina ya Kingoreme ambayo mimi sikuwahi kuyasikia, na maisha yangu yote nimekuwa navitazama vilima hivyo kutoka upande wa pili.

Halafu akanyamaza. Alipoongea tena ilikuwa stori nyingine kabisa.

"Unajua wasichana wamepita hizi njia usiku?"

Najua. Kila mtu wa huku anajua, na wengi tunakausha. Desemba ikifika, shule zikifungwa, kuna mabinti wanakimbia ukeketaji. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema wazi ni jinai kumkeketa binti chini ya miaka 18, lakini msimu ukifika ngoma zinalia na binti anabaki na miguu yake tu. Wapo waliofika Kituo cha Masanga huku Tarime, wapo waliofika Nyumba Salama ya Mugumu, wakapokelewa, wakarudi shule, wakaendelea na maisha. Manzi wangu alisoma na mmoja wao. Aliniambia kwamba binti yule alikuwa akichora ramani ya njia aliyopita, jiwe kwa jiwe, kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu. Mimi na yeye tulikuwa tumekaa kwenye mandhari, tunakula karanga, hakuna wa kutufukuza. Aliniuliza kitu kimoja tu: tukija kuwa na binti, nitasimama upande gani mbele ya ukoo wangu. Nikamjibu palepale, na nalirudia hapa hadharani: hatakeketwa, na atakayekuja na hiyo hoja kwangu akute mlango umefungwa. Msela, kama una manzi na hamjawahi kuongea hilo, mpandishe kilimani mkaongee.

Kuteremka kuelekea Nyamongo unaanza kuona vilima vingine, na hivi si vya Mungu. Ni vifusi vya mgodi wa North Mara, mawe yaliyochimbwa, yakapangwa ngazi kwa ngazi mpaka yakawa milima. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, umepita mikono kadhaa, leo uko chini ya Barrick na serikali ina hisa 16 kwa mia. Shimo la wazi la Nyabirama nalo ni korongo kubwa, na limechimbwa na watu ndani ya umri wangu. Huwezi kuliingia, na usijaribu, pale ni eneo la ulinzi na watu wamepoteza maisha kwa kuvamia. Lakini hata ukipita mbali, ile milima ya kifusi inakukumbusha kwamba ardhi ya huku inaweza kubadilika sura ndani ya kizazi kimoja. Korongo tulilopita asubuhi limechongwa na maji kwa muda ambao hakuna anayeukumbuka. Ndiyo maana nawaambia watu wayatembee haya mabonde sasa hivi, wayajue kwa majina, ili siku mtu akija na ramani yake nasi tuwe na ya kwetu kichwani.

Nyamongo ni kelele tupu: boda, spika, bei za dhahabu, msosi kila kona. Dogo wetu tukamlisha, tukampa chake, akadandia boda kurudi kwa bibi yake. Sisi tukazama kwenye kibanda cha kichuri. Kama hujawahi, kichuri ni supu ya Wakurya yenye nyama na utumbo, inatiwa maji ya nyongo, ina uchungu unaoanzia mwisho wa ulimi na kubaki hapo. Unakula na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito. Baada ya kutembea tangu asubuhi, ule uchungu unafungua mwili kinoma, jasho linatoka upya na uchovu unasepa. Manzi alimaliza bakuli lake, akageukia langu.

Kutoka pale tukachukua boda mpaka mtoni. Daraja jipya la Mto Mara ndilo linalofunga Tarime na Serengeti, na kwa wapenzi wa pande mbili kama sisi lile daraja ni jambo zito. Wazee wa pande zote wana stori za mto ukifurika, mtu anabaki ng'ambo, harusi inangoja, mgonjwa anangoja, bibi harusi anaangalia maji. Tulishuka kwenye boda tukalivuka kwa mguu. Tukasimama katikati, tukaegemea ukingo. Maji ya Mara hapo ni ya kahawia, mazito, yanakwenda kwa nguvu ya kimyakimya. Usidanganyike ukashuka kuosha uso. Mto huu una mamba na viboko hata nje ya hifadhi, na kingo zake zinameguka. Picha piga ukiwa darajani.

Na hapo ndipo nilipopata simu yangu. Picha ya kwanza niliyopiga ilikuwa ya manzi wangu, miguu yake imekanyaga upande wa Serengeti, mimi bado niko upande wa Tarime.

Maji yale yananywewa na nyumbu. Julai mpaka Oktoba hivi, zaidi ya milioni moja wanakuwa kaskazini, wanavuka na kuvuka tena kule Kogatende na Masai Mara, halafu maji hayohayo yanakuja kwetu kunywesha ng'ombe na kumwagilia bustani. Mtu akikata msitu Mau, Nyamongo inasikia. Ndiyo maana tangu 2012 Kenya na Tanzania zinaadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, kwa kupokezana, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Vijana wengi wa kitaa hawaijui hiyo siku. Inatakiwa ijae nyomi letu, sio hotuba peke yake.

Mugumu tulitimba jua likiwa linazama, vumbi mpaka kwenye kope. Tukaoga kwa shangazi yake, tukapewa maziwa ya mgando, tukatoka tena kugonga nyama choma. Pale nje mzee mmoja alikuwa na litungu lake, lile zeze kubwa la nyuzi nane la Wakurya, analipiga bila spika, na vijana wameweka simu chini wanasikiliza. Manzi alilala begani kwangu kabla nyama haijaiva. Kwenye mahusiano yetu tumeshakaa kwenye mabaa ya kila aina, tumelipa bili za maana, na sikumbuki siku tuliyoongea mengi kama hii. Kutembea kunafanya kazi ambayo meza na muziki mkubwa haviwezi. Mnaangalia mbele wote, hakuna anayemkodolea mwenzake, maneno magumu yanatoka kirahisi.

Sasa kwa wanaotaka kutia maguu. Nenda kiangazi, Juni mpaka Septemba. Anza alfajiri, maana jua la bonde saa saba mchana sio poa. Vaa raba zilizokwisha zoea mguu, beba maji ya kutosha kila mmoja yake, kofia, na chenji ndogondogo. Mwambie mtu nyumbani njia mtakayopita. Kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Gibaso na Kegonga, ulizia mpaka uko wapi na uuheshimu, kule mambo ya mipaka yameumiza watu na askari hawana utani. Taka zako rudi nazo.

Na mkishaipata ladha, ongezeni siku moja mzame hifadhini kabisa. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763 na mageti yake ya Ikoma na Tabora B yako upande wa Mugumu. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni msimbazi mmoja, yaani shilingi 10,000, ukiongeza VAT inakuwa 11,800, ingawa ni vizuri kuulizia kabla hujaondoka. Kinachokula hela ni gari, kwa hiyo chukueni masela wenu, jazeni Noah, gaweni gharama. Njiani piteni Robanda, mojawapo ya vijiji 5 vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, mnunue maji na msosi kwa wenyeji.

Michomoko ya kwanza inaondoka stendi ya Tarime kabla hakujapambazuka. Mwambie manzi wako leo, mpange Jumamosi hii.